Jinsi ya Kung'aa Ngaramtoni Bila Kuwalaza Watu Njaa

Anza kwa kutafuta chumba kimya. Mwalimu wako wa urembo wa mitandaoni anacho: kuta nyeupe, mshumaa unaonukia, taulo ambalo halijawahi kumfuta mtoto makamasi. Wewe unakaa Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha. Malori ya Namanga yanapita usiku, jogoo wa jirani hana saa, na mahali pekee penye mlango unaofungwa kwa ndani ni chooni, ambako kuna foleni. Basi amka saa kumi na moja alfajiri, Mlima Meru ukiwa bado umejifunika wingu, ufanye mambo yako kabla mtu hajauliza chai iko wapi. Una dakika kumi. Ukizidisha, utaulizwa unaolewa lini, hata kama una wajukuu.

Wala usijilinganishe na bi harusi wa Zanzibar. Yule hufungiwa ndani, somo wake, yaani kungwi, akamsinga kwa singo yenye liwa, waridi na mlangilangi, na hakuna anayethubutu kumtuma dukani. Huku kwetu utulivu haukutengewa bajeti.

Sasa vifaa. Nenda sokoni Alhamisi au Jumapili, siku ambazo soko la Ngaramtoni linajaa kweli, ukachague parachichi lililoiva. Usimwambie muuzaji ni la nini. Yule mama wa Kiarusha ameteremka nalo kutoka shambani alfajiri, na kwake parachichi ni chakula na ada ya shule. Ukisema, "Yeyo, nipunguzie, ni la kupaka usoni tu," bei itapanda pale pale, kisha atamgeukia mwenzake waongee Kimaasai, na safu nzima ya wauza viazi itacheka. Hutatafsiriwa.

Ukifika nalo nyumbani, fuata utaratibu huu: kata, toa kokwa, kula. Kilichobaki ndani ya ganda jisugulie mashavuni, kaa kidogo, nawa. Mafuta ya parachichi usoni yanafanya kazi ile ile ya mafuta mengine, kuzuia unyevu usitoke, na kwa kazi hiyo mabaki ya kwenye ganda yanatosha. Anayepaka parachichi zima usoni huku watoto wanatazama ajiandae kuitwa kikao cha ukoo.

Mtindi una hatari zaidi. Ni kweli una asidi ya laktiki, ambayo huilegeza ngozi iliyokufa, na mabibi harusi wengi wanausifia. Lakini kwenye nyumba ya Kiarusha mtindi una mwenyewe, naye ni loshoro, chakula cha mahindi na mtindi. Chota vijiko viwili tu, koko, yaani bibi, atajua kabla hujajifuta. Omba ruhusa, au subiri sufuria ya loshoro ikwanguliwe.

Limau, acha kabisa. Maji ya limau kwenye ngozi yakikutana na jua huunguza na kuacha mabaka meusi, na jua la Arusha, zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, ni kali hata siku unayotetemeka kwa baridi ya Julai. Utakayemlaumu hatakuwepo; yule mwalimu wako anajirekodia kwenye kivuli.

Atakujibu kwamba limau ni la asili. Hapa niombe radhi kwa wapenda asili wote, maana mlima wetu nao ni wa asili. Ni volkano, na miamba yake imeyatia floraidi maji ya chemchemi na visima vingi vya huku, mahali pengine kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linasema zisivukwe. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka huota meno ya kahawia. Ndiyo maana mtu wa Arusha hutambuliwa Dar es Salaam akicheka tu. Usisugue kwa mkaa, jivu wala hilo limau. Doa limo ndani ya jino, utamaliza jino ulibakishe doa. Kuchemsha maji nako hakusaidii, maana yakipungua sufuriani floraidi inabaki. Na magadi unayotilia maharage ili yaive upesi huongeza nyingine. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kama una mtoto mdogo, hatua yako ya kwanza ya urembo ni kuuliza maji ya nyumbani kwako yana floraidi kiasi gani, na kumtafutia ya mvua yaliyokingwa kwa usafi. Hiyo haipendezi kwenye picha, najua.

Kinachobaki ni kifupi mno kutengenezewa video. Oga kwa maji ya uvuguvugu, na ngozi ikiwa bado na unyevu upake mafuta: ya nazi kutoka Tanga, ya alizeti, au hayo ya mgando ambayo wapenda asili wanayakimbia kwa sababu yanatokana na mafuta ghafi, yaani yametoka ardhini kama viazi. Kisha vaa kofia pana. Hospitali ya KCMC kule Moshi inatengeneza losheni ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao kukwepa jua ni kukwepa saratani. Wewe mwenye rangi yako usione aibu kununua kofia.

Mwisho atakuja shosti na kopo lisilo na jina. Litakuwa "la mitishamba", na ndani ya wiki mbili shingo yako na uso wako havitafahamiana. Mitishamba haichubui kwa kasi hiyo. Zebaki na haidrokwinoni ndizo zinazoweza, na zebaki huharibu figo. Tangu Julai 2019 vipodozi vinadhibitiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na vya namna hiyo vimepigwa marufuku nchini, ingawa kopo la shosti halijapata taarifa. Ndugu msomaji, kopo lisiloandikwa kilichomo na aliyelitengeneza usilipake, hata kama anayekuuzia ni wifi yako.