Laptopu ya Marekani chini ya Mlima Meru

Mama, hapo Majengo wanaodhani niko Ulaya waambie ni Arusha, ukivuka Namanga tu. Ila masika yanaisha, baridi inaingia, na hiyo ndiyo ya Ulaya hasa. Nalala na soksi.

Laptopu aliyotuma Shangazi kutoka Minnesota imenitoa jasho hata hivyo. Usiku inashika waifai vizuri. Asubuhi mtandao wetu haumo kabisa kwenye orodha. Ya majirani inaiona yote! Na simu za hapa Ilboru, hata ya mtoto wa jirani yenye kioo kilichopasuka, zinapeta.

Mama mwenye nyumba, Mmeru, alitoka uani akautazama mlima. "Umejifunika," akasema, akarudi kwenye mtori wake. Kesi imekwisha. Chalii mmoja fundi, karibu na Mnara wa Saa, akataka kubadilisha kadi, kisha ubao mzima. Ningekaa zaidi angenibadilisha na mimi.

Kumbe kisa ni uraia. Waifai ya gigahezi 2.4 imegawanywa njia zenye namba. Nchi nyingi hutumia 1 hadi 13. Vifaa vya Marekani kwa kawaida huishia 11. Majirani wamejazana 1, 6 na 11, basi ruta yetu, ikiachiwa ijichagulie, wakati mwingine hukimbilia 13, na huko laptopu ya Shangazi ni kipofu kwa mujibu wa sheria. Fikiria: huu ndio mji wa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mimi Mkenya nimegongewa muhuri nikapita, yeye yuko mezani Ilboru na bado anatii serikali ya Marekani.

Na mbona leo inashika, kesho haishiki? Ruta yetu huchagua njia upya kila inapowashwa. Mlima ukijifunika, mvua; mvua ikija, umeme hukatika; ukirudi, ruta inaanza kuchagua tena. Kwa hiyo mama mwenye nyumba alipatia, ila aliruka hatua za katikati. Nimeingia kwenye mipangilio kwa simu (anwani na neno la siri viko kwenye kibandiko chini ya ruta), nikaifunga kwenye njia ya 6. Sasa inashika, mlima ujifunike ama usijifunike.

Shangazi akipiga, mwambie asante sana, na ile printa aiache kwanza. Nayo itadai umeme wa volti 120, na wa huku ni 230.