Kikao cha Nidhamu Bandani

Kudonoana kwa kuku kuna namna mbili. Ya kwanza ni ya kupangana vyeo: nani atangulie kwenye chakula, nani asubiri. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliieleza katika maandishi yake ya mwaka 1922, na mara nyingi vyeo vikishakubalika midomo hutulia. Ya pili ni ya kunyofoana manyoya mpaka damu itoke, na damu ikishaonekana banda zima huja kuionja. Hiyo ya pili ndiyo iliyoitishiwa kikao katika banda moja la uani lenye mita 4 za mraba, kuku 40 (wakiwemo Kuchi, Kroila na Tembe Mkongwe), bata dume asiye na jike, kanga na mwenyekiti bata mzinga, aliyetaka aitwe Mheshimiwa.

MHESHIMIWA: Ajenda ni moja. Kuchi anashtakiwa kumnyofoa Kroila mkia. Lakini tuanze na posho ya dagaa.

KANGA: Na nauli.

MHESHIMIWA: Nauli ya kwenda wapi? Sote tunalala humu humu.

KANGA: Ndiyo maana naitaka, niondoke.

BATA: Na chai ya wajumbe?

TEMBE MKONGWE: Dagaa gani mnaogawana? Walipopanda bei tu, waliondolewa kwenye chakula. Tunakula pumba tupu. Ndege aliyekosa protini na chumvi huzitafuta kwenye manyoya ya jirani.

KUCHI: Shikamoo, Bibi.

TEMBE MKONGWE: Marahaba, mjukuu wangu. Jitetee.

KUCHI: Nililetwa mchana kweupe nikamwagwa katikati ya kuku nisiowajua. Kihori ni kimoja. Anayetaka kula lazima anipite, na anayenipita namdonoa.

MHESHIMIWA: Amekiri! Auzwe sokoni.

TEMBE MKONGWE: Akiuzwa yeye, kesho atamrithi mwingine, maana kihori kitabaki kimoja. Anayeuza mkorofi mmoja kila mwezi hafugi, anafanya biashara ya wakorofi.

Kuhusu wageni, Tembe alieleza utaratibu ambao mwenye banda hakuufuata. Ndege mpya hutengwa mbali kwanza, wiki mbili hadi nne, isije ikawa ameleta kideri. Kisha huwekwa upande wa pili wa wavu, waonane bila kufikiana. Mwisho huingizwa usiku, akapandishwa kwenye fito wenzake wakiwa wamelala, kwa kuwa kuku haoni vizuri gizani. Wakiingia wawili au watatu pamoja, mateke na midomo hugawanyika.

KROILA: Usiku gani, Bibi? Taa haizimwi humu. Mwenye banda anasema tukikesha tutataga mara mbili.

TEMBE MKONGWE: Yai moja hutengenezwa kwa takriban saa 24 hadi 26. Hata angetuwashia jua lenyewe, mawili kwa siku hayapati. Anachovuna ni kuku wasiolala, wakali kama makonda wa daladala, na mikia isiyo na manyoya. Saa 16 za mwanga zinatosha.

KANGA: Mimi je? Mimi nina kosa gani?

TEMBE MKONGWE: Unawakimbiza majogoo kutwa. Kanga ataka uwanja. Bata naye hana mke, anapanda kuku na kuwaumiza. Tena anamwaga maji mpaka maranda yananuka. Na wewe, Mheshimiwa, hukupaswa hata kuwemo. Kuku wana minyoo inayobeba ugonjwa wa ini. Sisi mara nyingi hautusumbui, bali bata mzinga unamuua.

Mwenyekiti aliahirisha ajenda iliyomhusu. Alijaribu kuirudia ile ya posho, ila wakati huo mwenye banda aliingia ameshika kisu kilichopashwa moto. Kuna mtu alimwambia kwamba dawa ya kudonoana ni kukata midomo.

TEMBE MKONGWE: Tazameni! Utitiri umejaa kwenye nyufa za fito, hajaunyunyizia dawa. Majivu ya kuogea hakuna. Aliyenyofolewa bado yumo humu, kidonda wazi, wakati ilimpasa atengwe, apakwe dawa na arudi akiwa amepona. Hakuna hata shada la mchicha lililoning'inizwa tudonoe badala ya kudonoana. Yote hayo hayaoni, ila mdomo wangu ameuona! Mdomo una mishipa ya fahamu. Ukikatwa kwa moto unauma, na maumivu yanaweza kubaki. Norwei ilipiga marufuku ukataji huo mwaka 1974, na kuku wao wanataga. Aibu kwa anayebana kuku 10 katika kila mita ya mraba kisha akawaita wao wakatili!

Mwenye banda, kama kawaida, alisikia kelele za kuku tu.

Uamuzi wa kikao ulikuwa huu. Kuchi atengwe siku tatu au nne. Akirudi atakuta vyeo vimepangwa upya, naye ataanzia chini. Vihori na vyombo vya maji viwe zaidi ya kimoja na vikae mbalimbali, asiwepo wa kuvilinda vyote. Dagaa na mashudu ya alizeti yarudi kwenye pumba, pamoja na chumvi kidogo. Kuku wapunguzwe au banda lipanuliwe. Bata, kanga na bata mzinga wapewe pao.

Mfugaji ambaye kuku wake wanatoana damu ahesabu vihori vyake leo, kabla hajashika kisu.