Mhasibu wa Mtaa Mzima

Sheria ya nchi iko wazi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo wengi tunaiita NBAA, iliundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972 ikaanza kazi mwaka uliofuata, na huwezi kujiita CPA kwa sababu tu unajua kujumlisha. Kuna mitihani ya Mei na ya Novemba. Kuna ngazi za kupanda. Kuna uzoefu wa kazi wa kuthibitisha. Ukiyamaliza hayo ndipo unaposajiliwa.

Mtaa wetu wa Mbagala haujaisoma sheria hiyo. Huku unasajiliwa siku unapoonekana kibarazani na kitabu kinene na kikokotoo (cha kujumlishia, si kile cha mafao ya wastaafu), na usajili wenyewe hauna ada, hauna fomu, wala hauna rufaa.

Mimi alinisajili mama mwenye genge la kona. Alipita kuniletea mchicha, akaona karatasi zimetapakaa, akauliza nasoma nini tena ilhali mtoto mwenyewe yuko darasa la tano. Nikamwambia najiandaa na CPA, na Mungu akijalia nitaanza shahada ya uzamili ya uhasibu na fedha, masomo ya jioni. "Kumbe wewe mtu wa mahesabu!" akasema, na mchicha akaniachia kwa mkopo ambao sikuuomba. Kabla ya adhana ya isha habari ilikuwa imefika kwa mwenyekiti wa kikoba, kwa kamati ya harusi ya nyumba ya tatu, na kwa fundi cherehani, ambaye ana barua ya kodi hajaifungua tangu aipokee.

Daftari la kikoba lililetwa asubuhi yake, nikiwa bado napiga mswaki. Mchana mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo leja nimeziona, tena za kila namna. Lile daftari lilikuwa jambo jingine. Ukurasa wa kwanza: "Mama Mapacha 20,000." Haikuandikwa kama ameweka au amekopa. Mbele yake kuna alama ya vema, na mbele ya vema kuna alama ya kuuliza. Ukurasa wa pili jina lile lile limekatwa kwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa "anajua mwenyewe." Nikamuuliza mwenyekiti: hii "anajua mwenyewe" ni deni au ni akiba? Akanitazama kwa huruma. "Mama Salma," akasema, "anajua mwenyewe."

Kanuni ya kuingiza hesabu mara mbili, debiti huku na krediti kule, ilikuwa tayari inatumiwa na wafanyabiashara wa Venice pale Luca Pacioli alipoieleza katika kitabu chake kilichochapishwa mjini humo mwaka 1494. Watu humsifu kwa akili zake. Mimi namsifu kwa mazingira yake. Pacioli alikuwa mtawa wa Kifransisko: hana mashemeji wa mke, hana sare ya harusi ya kuchangia, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumgongea mlango alfajiri na daftari linalonuka mafuta ya taa.

Nawaeleza haya ili mjue hali ya mtu anayejiandaa na ngazi ya mwisho. Ukitoka kazini unakimbilia darasa la rivyu. Mwalimu wa rivyu hana muda wa salamu. Swali moja lina kurasa tatu: kampuni mama, kampuni tanzu mbili, moja imenunuliwa katikati ya mwaka, na wote wanauziana mali ambayo nusu yake bado iko ghalani. Ukimaliza, mizania inapishana kwa shilingi ambazo huzioni zilikopotelea. Unapanda daladala kichwa kikiwa bado kwenye swali, na konda akikwambia "chenji baadaye, dada," wewe unasikia dhima ya muda mfupi. Hapo ndipo hatari inapoanzia, maana viwango vya kimataifa vya uhasibu havikuandikwa kwa ajili ya mtaa, na wewe ndivyo pekee ulivyo navyo kichwani.

Mfano, fundi cherehani. Nilimlipa gauni la sare lote mapema kwa kuwa alisema uzi umepanda bei. Sasa, kiwango cha IFRS 15, kinachotumika tangu 1 Januari 2018, kina hatua tano: utambue mkataba, utambue wajibu uliomo, upate bei, uigawe bei kwa wajibu, halafu uandike mapato pale wajibu unapotimizwa. Pesa iliyopokelewa kabla ya kazi si mapato. Ni dhima ya mkataba. Nikamweleza hatua zote, nimesimama mlangoni kwake, jua la saa nane linanipiga kisogoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akatoa pini mdomoni. "Kwa hiyo unasema nimekula deni?" Nikasema kitabu ndivyo kinavyosema. "Basi hicho kitabu kinanijua," akajibu, na akaendelea kushona suruali ya mtu mwingine.

Shemeji naye alikuja kukopa, kwa imani kwamba mtu anayesomea pesa lazima awe nazo. Hapa lazima niwape historia kidogo. Zamani, chini ya IAS 39, benki ilisubiri mpaka dalili za hasara zionekane ndipo iandike. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 utaratibu huo ulilaumiwa sana kwamba unachelewa, kikaja IFRS 9: hasara inayotarajiwa unaitenga tangu siku ya kwanza ya mkopo. Yaani huna haja ya kungoja shemeji azime simu. Nikampa, na kama mazoezi ya swali la jioni ile nikamtengea asilimia mia. Karatasi ikabaki mezani. Mume wangu alipokuja kula akaona jina la mdogo wake, na mbele yake maneno "hasara inayotarajiwa." Tuliyozungumza usiku ule hayamo katika kiwango chochote.

Lakini aliyenitoa jasho hasa ni mama mkwe. Anaishi Mkuranga, ana minazi, ana kuku, na alitaka kujua mali yake ina thamani gani kabla ya kwenda kuomba mkopo kwenye ushirika. Nilifurahi isivyo kawaida. IAS 41, kiwango cha kilimo, ndicho kilichokuwa kinanikimbia kwenye rivyu, na sasa nilikuwa nimesimama katikati yake, kinadonoa miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, hesabu."

Nikaanza na kuku. Nikamwambia kuku anathaminiwa kwa bei ya haki ya soko, ukitoa gharama za kumuuza.

"Bei ya leo au ya sikukuu?"

"Ya tarehe ya mizania, mama."

"Na hiyo tarehe iko kabla ya Idi au baada ya Idi?"

Watahini hawajawahi kuuliza swali zuri kama hilo. Tukahamia kwenye minazi, na hapo ndipo elimu ilipovimba. Mpaka mwishoni mwa mwaka 2015 mnazi ulikuwa kundi moja na kuku. Kuanzia 1 Januari 2016 mimea inayozaa mwaka hadi mwaka ilihamishiwa IAS 16, ikawa inahesabiwa kama mashine ya kiwandani, na inashushwa thamani kila mwaka. Nazi zilizo juu ya mnazi hazikuhama. Hizo bado ni IAS 41. Zikishaanguliwa na kurundikwa chini, zinakuwa bidhaa, IAS 2. Mti mmoja, viwango vitatu, inategemea umesimama wapi na unatazama wapi. Kuku anayetaga, hata atage namna gani, hakupandishwa cheo, kwa sababu marekebisho yale yalihusu mimea tu.

Mama mkwe akautazama mnazi kuanzia shinani mpaka kileleni. Alikaa kimya kitambo. Halafu akauliza:

"Na mgema je?"

Nimefunua vitabu vyote nilivyo navyo. Mgema hayumo.

Kamati ya harusi sikuitafuta; ilinitafuta. Walitaka niwe mweka hazina, na kwa kuwa nimesoma, niwe pia mkaguzi wa hesabu hizo hizo, "tusiingie gharama mara mbili." Nikawaambia maadili ya taaluma yanataja matishio matano kwa uhuru wa mhasibu: maslahi binafsi, kukagua kazi yako mwenyewe, utetezi, mazoea, na vitisho. Wakaguzi wengine hukutana na moja au mawili katika maisha yao ya kazi. Mimi niliyakuta yote katika kikao kimoja, chini ya mwembe mmoja. Maslahi, kwa sababu nimeahidiwa kiti meza ya mbele. Kujikagua, kama mlivyosikia. Utetezi, kwa sababu mwenyekiti alitaka nikawatetee kwa mwenye ukumbi kwamba tuna pesa. Mazoea, bwana harusi nimembeba mgongoni. Na vitisho alikuwepo shangazi yake bwana harusi, amekaa upande wa kulia, hajasema neno, ameshika khanga yake kwa mikono miwili.

Mwenyekiti akasoma taarifa: makusanyo ni shilingi milioni 11. Makofi. Nikauliza taslimu ni ngapi. Milioni 2 na laki 4. Na iliyobaki? "Ahadi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuilipia nyama. Nikajaribu kueleza, kwa upole kabisa, kwamba ahadi za harusi zina umri wake, kwamba iliyovuka mwezi bila kulipwa hata senti moja inabidi ipunguzwe, na ya yule aliyehamia Geita ifutwe. Hapo shangazi akafungua mdomo. "Mnaona? Kasoma mpaka kamfuta ndugu yetu."

Suluhisho lao lilipitishwa bila kupingwa: mimi nibaki mweka hazina, na mkaguzi awe mume wangu.

Mtauliza uzamili umefikia wapi. Kwanza mjue kwa nini nautaka. Tangazo la kazi huanza kwa kutaka shahada. Ukiwa nayo, linataka CPA. Ukikaribia CPA, linasema uzamili utakuwa sifa ya ziada, na mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo, mwombaji asizidi miaka 35. Kwa hiyo nimeamua kuvifukuza vyote kwa pamoja, kabla ya ule mstari wa mwisho kunifikia.

Maombi yamekwama kwenye jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi. Cha kidato cha nne kinasema Mwanaid, nadhani mwandishi alichoka. Kitambulisho kinasema Mwana Idi, mbalimbali, kama watu wawili waliogombana. Kijana wa dirishani alizipanga karatasi zangu mstari mmoja, akazitazama, akaniuliza kwa heshima zote ni yupi kati ya hawa anayeomba. Nikatumwa kwa wakili nikale kiapo kwamba wote watatu ni mimi. Wakili akanitoza, akagonga muhuri, akaniandikia hati nzuri sana, na kwenye hati hiyo jina langu ni Mwanahidi.

Barua ya mdhamini ilikuwa rahisi zaidi. Dokta aliyenifundisha shahada ya kwanza siku hizi analima nyanya. Nilipompigia alikuwa na furaha kunisikia, akanikumbuka kwa jina (la cheti cha kuzaliwa), akasema yuko shambani, niandike mimi barua yenyewe, yeye atatia sahihi. Nikaanza kukumbusha habari ya tishio la kujikagua, nikanyamaza. Nikaandika kwamba mwombaji ni hodari, mwaminifu, mchapakazi na mnyenyekevu. Akairudisha imesainiwa. Kila kitu amekiacha kama kilivyo, isipokuwa neno "mnyenyekevu," ambalo amelipigia mstari.

Sasa ninavyoandika haya mtihani ni wa Novemba. Kila karatasi ni saa tatu, na katika saa hizo tatu hakuna mtu atakayeniletea mchicha, wala atakayeniuliza kama zawadi ya friji inaingia kwenye mapato. Nakiri naisubiri kwa hamu ambayo si ya kimasomo tu.

Kwa hiyo ndugu, majirani na wanakamati, nawaomba: kama mnamjua mtu anayejiandaa na mitihani ya bodi, msalimieni, mwombeeni, na ikiwezekana mpelekeeni wali. Daftari mpelekeeni Desemba.