Namna ya Kuachwa Nyuma na Mbuzi: Mwongozo wa Njia Rahisi ya Rubona

Zipo njia za kumtoa mtu jasho, na zipo njia za kumtuliza. Ile inayotoka mjini Gisenyi, Rwanda, ikafuata ufuo wa Ziwa Kivu hadi Rubona na kuendelea kusini kati ya mikaratusi, migomba, kahawa na matete, ni ya aina ya pili. Mtoto wa darasa la kwanza anaipita akienda shule. Bibi anaipita na kikapu chake kichwani. Kwa hiyo mwongozo huu haukufundishi kufika, maana kufika kila mtu anajua. Hapa utafundishwa kuchelewa, na kuchelewa kwa ustadi, mpaka mbuzi aliyekuwa nyuma yako akupite, akutazame mara moja, kisha aendelee na majani yake. Ukiachwa na mbuzi kabla ya saa tatu asubuhi, ujue umeanza vizuri.

Vifaa ni vichache. Vaa viatu vilivyozoea mguu wako, chukua kofia, koti la mvua na maji ya kunywa. Ongeza chupa moja tupu ya kioo yenye kizibo. Mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Rwanda tangu 2008 usije nayo, na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja vilifuata mkondo huo kwa sheria ya 2019. Chupa ya kioo haina taabu kupatikana: Rubona ndiko kiliko kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa 1957. Kazi ya chupa utaiona mbele.

Hatua ya 1: Mkatalie mtu wa moto kwa adabu

Moto, yaani pikipiki ya abiria, itakufikia kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Kutoka mjini hadi Rubona ni kilomita kama saba tu, na kijana atakuambia, kwa haki kabisa, kwamba ni dakika chache. Mjibu, "Asante kaka, leo natembea." Atauliza, "Mpaka Rubona?" Mwambie ndiyo, na umtakie kazi njema. Anatafuta riziki, naye atakufaa jioni miguu ikichoka. Asubuhi mwache aende zake, maana ziwa linalopita ubavuni mwa pikipiki ni mstari wa buluu, na linalopita ubavuni mwa mtu anayetembea lina mawe, nguo zilizoanikwa, mtumbwi unaozibwa tundu na harufu ya samaki.

Hatua ya 2: Salimia, kisha ungoje jibu

Asubuhi ni "Mwaramutse", mchana na jioni ni "Mwiriwe", na "Muraho" inamfaa mtu ambaye hamjaonana kwa muda. Ukikwama, Kiswahili kitakuokoa. Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, imepakana na Goma ya Kongo, na Kiswahili kilikuwa kikipima unga na kuuza vitenge mpakani hapa miaka mingi kabla ya Bunge la Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa.

Salamu ya njiani haisemwi huku mguu ukiwa hewani. Simama. Uliza habari za nyumbani, za mvua, za shamba. Wanyarwanda wana methali, *buhoro buhoro ni rwo rugendo*, ambayo ni ndugu wa damu wa ile yetu, pole pole ndio mwendo. Lugha mbili zikishuhudia jambo moja kwa maneno yaleyale, msafiri hana sababu ya kubisha.

Hatua ya 3: Jaza chupa, kisha uiache

Mto Sebeya unatoka milimani Rutsiro na kuingia ziwani upande huu wa Rubona. Mvua ikiwa imenyesha juu, usisogelee kingo: maji hupanda haraka. Siku ya utulivu, inama mahali salama ujaze chupa yako. Itazame kwenye mwanga. Msimu wa mvua utaona rangi ya chai ya maziwa iliyochemka sana, na ndani yake vumbi laini linazunguka kama moshi.

Sasa tafuta kibanda cha jirani, umwombe mwenyewe akuwekee chupa hiyo mahali isipotikiswa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi na maandazi aliniuliza, "Ni dawa, mwanangu?" Nikamwambia, "Hapana, Mama, ni maji ya Sebeya, nataka kuyaona jioni." Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akasema, "Hili ni shamba la mtu." Akaiweka chini ya meza, nyuma ya ndoo. Maneno yake matano yana elimu ya mwaka mzima, nami naomba uyabebe safari yote.

Hatua ya 4: Usiite kila penye miti msitu

Ukipita Rubona, njia inaingia kivulini. Miti imenyooka, gome linabanduka kwa mapande marefu, hewa inanukia dawa ya kifua. Hiyo ni mikaratusi, *inturusu* kwa Kinyarwanda, mgeni aliyetoka Australia na kuenea Rwanda katika karne ya 20. Usiidharau, kwani inajenga nyumba, inapika chakula, inasomesha watoto. Lakini inama uguse ardhi chini yake. Majani makavu, vijiti, kisha udongo mtupu, na mimea midogo ni michache. Tone la mvua likidondoka hapa halina wa kulipokea.

Msitu wenyewe upo juu, kule mto unakotoka, nao unaitwa Gishwati. Miaka ya 1970 ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Ukaja mradi mkubwa wa malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari katika miaka ya 1980, kisha, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, familia zilizorudi bila makazi zikaukata ili zipate pa kulala na pa kulima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimebaki hekta kama 600. Hakuna aliyeamka siku moja akasema, "Leo namaliza msitu." Kila shoka lilikuwa na sababu yake, na nyingine zilikuwa sababu za njaa.

Milima iliyobaki uchi ikaanza kuteremka. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko magharibi na kaskazini mwa nchi. Sebeya ilifurika ikaingia majumbani, na Rwanda ikapoteza watu zaidi ya 130. Ukipita karibu na mto huu, tembea ukijua hivyo, na ukikutana na aliyefiwa usimgeuze kuwa hadithi ya safari yako.

Na ujue pia kwamba Gishwati imeanza kurudi. Mwaka 2015 iliunganishwa kisheria na msitu wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na sokwe wake bado wapo. Mche unaopandwa leo hautazuia mvua ya mwakani, utazuia ya wajukuu.

Hatua ya 5: Kaa penye matete mpaka ndege wakusahau

Njia inaposhuka karibu na maji, mahali pa tambarare penye matete na ardhi inayobonyea, hapo ndipo utawaacha wenzako watangulie. Kaa juu ya jiwe. Dakika tano za kwanza hakuna kitu, kwa sababu kila kiumbe kinakutazama wewe. Dakika ya kumi mnandi anarudi kwenye gogo lake, anatanua mabawa yakauke. Kisha anakuja mdiria, yule wa madoa meusi na meupe. Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga kwa kasi huku kichwa kimetulia tuli kana kwamba kimefungwa kwa uzi, halafu anajitupa kama jiwe. Akikosa, anajitikisa na kuanza upya. Mara ya tatu anaondoka na samaki mdogo anayemetameta mdomoni.

Ukiwa hapo, tazama maji yanavyopita kati ya mashina. Yalikuja yakikimbia, yanatoka yakitambaa. Yanapopunguza mwendo, tope linashuka na mizizi inalikamata. Kinamasi hakina ujuzi mwingine ila huu wa kuchelewesha, na unatosha. Kaskazini mwa nchi watu waliijua thamani yake kwa giza. Kinamasi cha Rugezi kilipokaushwa na kulimwa, maji ya maziwa Burera na Ruhondo yalipungua, na mwaka 2004 kituo cha umeme cha Ntaruka kilikuwa kikizalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Serikali ikazuia kilimo ndani ya kinamasi na kuhifadhi milima inayokizunguka, na maji yakarudi. Rugezi iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwishoni mwa 2005.

Ndiyo maana sheria ya Rwanda inataka mita 50 kutoka ufuo wa ziwa ziachwe bila kulimwa wala kujengwa. Ukiona ukanda wa majani umeachwa wakati mkulima ana watoto wa kulisha, usiseme ardhi imelala. Inafanya kazi kwa ajili ya watu wa chini yake, na mkulima huyo anaigharamia.

Hatua ya 6: Chovya miguu, ila uliza kwanza

Kwenye ufuo wa Nyamyumba, karibu na Rubona, kuna *amashyuza*, chemchemi za maji moto zinazobubujika kando ya ziwa. Wenyeji wanajua pa kukaa na pa kuepuka, kwa kuwa penye chimbuko maji yanaunguza. Acha wakuelekeze mahali yanapochanganyika na maji baridi. Toa viatu, ingiza kidole, kisha unyayo, kisha mguu. Hapo nusu saa itapita bila kukuaga.

Moto huo una jamaa zake. Kivu, lenye kina cha mita 485, limehifadhi chini kabisa gesi nyingi ya methani na kaboni dioksidi, na gesi iliyotolewa Rubona ilikuwa ikichemsha mitambo ya kiwanda cha bia tangu miaka ya 1960. Upande wa Goma na ufuo wa kaskazini kuna mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi hutuama kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Watu wanaiita mazuku, na inaua mtu na mbuzi bila harufu. Usilale wala kupumzika shimoni penye mawe ya volkano kabla hujamuuliza mwenyeji. Hili usilifanyie haraka hata kidogo.

Hatua ya 7: Wangoje wavuvi

Jua likianza kushuka, rudi Rubona ukae karibu na mitumbwi. Imefungwa mitatumitatu kwa miti, na mbele na nyuma inachomoza miti mirefu ya kushikia wavu, kama ndevu za kamba. Wanaume wanaingia, kasia zinashuka kwa pamoja, na wimbo unaanza: mmoja anaita, wengine wanaitikia. Unaanza kuusikia wakiwa karibu, unaendelea kuusikia wakiwa wamekuwa taa ndogo majini.

Wanachokifuata ni sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Kila mwaka uvuvi wake unasimamishwa kwa kama miezi miwili ili azaane. Miezi hiyo miwili ni migumu nyumbani kwa mvuvi. Ukipewa sahani ya sambaza wa kukaanga, wenye chumvi na pilipili, kumbuka kwamba wapo kwa sababu kuna watu walikubali kungoja wakiwa na njaa. Kula polepole na ulipe bila kuvutana bei.

Hatua ya 8: Kadai chupa yako

Rudi kibandani. Mama alinitolea chupa yangu akiishika kwa tahadhari, kama mtu anayebeba yai. Juu maji yalikuwa meupe, hata ningeweza kuona vidole vyake upande wa pili. Chini palikuwa na tabaka la udongo laini, wa kahawia, unene wa kucha ya kidole gumba. Hakuna aliyeyachuja. Yaliachwa tu yatulie, kama yanavyotulia penye matete, na kama mvua inavyotulizwa na msitu kabla haijawa mto.

Kama maji hayo yangeachwa yaende, yangepita Ziwa Kivu na Mto Ruzizi hadi Tanganyika, kisha Lukuga na Kongo mpaka Atlantiki. Mvua inayoangukia upande wa pili wa milima ileile inakwenda Nili. Mgawanyo huo ndio ulioipa jina Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 inayopita hapa kuelekea Rusizi. Udongo wenyewe hauna biashara Atlantiki. Kazi yake iko milimani, kuotesha maharage.

Kwa hiyo mwongozo unakwisha hivi. Mwaga maji safi taratibu, ubaki na tope. Mwombe ruhusa mwenye kiwanja, kisha limimine kwenye shina la mgomba. Ni udongo wa kujaza kiganja, nao umerudi shambani. Mama alisimama akinitazama nikifanya hivyo. Akachukua chupa, akaisuuza na kuirudisha chini ya meza, nyuma ya ndoo. "Utairudia," aliniambia.

Nilipogeuka kumtafuta kijana wa moto, mbuzi wa asubuhi walikuwa wakirudi zizini. Niliwapisha.