Heko kwa Kichefuchefu

Watu hawana shukrani. Mtu avute sigara miaka na miaka, daktari amwandikie vareniklini ili aache, halafu wiki ya pili arudi analalamikia maudhi ya dawa. Maudhi yapi? Mimi naona neema tupu.

Kichefuchefu huwapata karibu watu 3 kati ya 10 wanaotumia dozi kamili. Mvutaji aliyebobea hafungui kinywa kwa chakula. Ana chai ya rangi na sigara, basi. Vareniklini haitaki upuuzi huo. Imezwe baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, la sivyo tumbo litamkumbusha njiani. Ndipo baba mzima anakaa mezani asubuhi kunywa uji na kula mihogo, jambo ambalo mkewe amelipigania tangu harusi.

Gesi tumboni nayo ina busara yake. Aliyezoea kuwafukiza wenzake kwa moshi, si haki apokonywe ghafla uwezo wote wa kuwakimbiza sebuleni.

Kisha ndoto. Dawa hii inashika vipokezi vilevile vya ubongo vilivyokuwa vya nikotini, inaviamsha kidogo tu, na baadhi ya watu hupata ndoto zenye rangi, kelele na watu waliosoma nao darasa la tatu. Sinema ya bure kitandani! Marubani wa Marekani walinyimwa: mwaka 2008 mamlaka ya anga ya huko iliwakataza kuitumia. Mwaka 2009 dawa ikawekewa onyo zito kuhusu mawazo ya kujiua, likaondolewa 2016 baada ya utafiti wa watu zaidi ya 8,000. (Hapa sitanii: ukiona hali ya moyo imebadilika, mwone daktari siku hiyohiyo.)

Ila fadhila kubwa kuliko zote ni kumfundisha mvutaji kusoma. Pakiti iliyoandikwa kwamba sigara ni hatari kwa afya ameibeba mfukoni miaka yote, hakuona kitu. Mpe vareniklini: anavaa miwani, anasoma karatasi nzima hadi herufi za mwisho, kisha anauliza kwa hofu kama dawa hiyo haitamdhuru.

Dozi ni wiki 12 tu, na maudhi mengi huondoka nayo. Aliyefaulu kuacha na bado ana hamu ya sinema, amwombe daktari. Anaweza kuongezewa 12 nyingine.