Zamu ya Asumini

Shanzu hatuna udongo. Tuna jiwe la matumbawe, na juu yake mchanga ulioletwa na upepo wa kusi ukaona uvivu kurudi baharini. Mtu akitaka kupanda maua huku anaanza na mtaimbo. Jembe huja baadaye, likija. Ndiyo maana siku nilipoanza kuchimba mbele ya nyumba, jirani alichungulia juu ya wigo wa makuti, akasikiliza chuma kinavyolia juu ya jiwe, kisha akaniambia kwa upole wa mtu anayemshauri mgonjwa, "Mjomba, choo hakiwekwi karibu na mlango." Nikamjibu kwamba ni shimo la asumini. Akalitazama shimo, akanitazama mimi, akaenda kumwita mkewe aje naye aone.

Huo mwasumini sikuununua, niliurithi. Marehemu shangazi yangu wa Kisauni, ndiye aliyenilea, hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha redio, masanduku ya nguo, vyombo vya udongo na mwasumini uliomea ndani ya debe la rangi lililooza kitako. Ndugu zangu waligawana vyenye bei. Lilipobaki debe, wote walinigeukia mimi: "Si wewe uko Shanzu? Una nafasi." Hivyo ndivyo mirathi inavyoamuliwa kwetu.

Nililipandisha matatu. Makanga alilitazama akasema, "Huyo naye analipa." Nikabishana naye mpaka Bombolulu, na kufika Bamburi nikawa nimelipa nauli ya watu wawili, mmoja wao ana majani. Mama aliyekaa nyuma yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni dawa, na ni ya nini. Nikasema ni ya harufu tu. Hakuniamini. Akaniomba namba ya simu.

Shangazi hakuwa mtu wa maneno matamu. Mapenzi yake yalikuwa ya kufoka. Lakini kila jioni, baada ya kuoga, alibandika kifuani kikuba, yaani kifurushi cha asumini zilizotungwa, na harufu yake ilitangulia kuingia chumbani, yeye akifuata nyuma na lawama: viatu vimetupwa, taa haikufutwa chemni, barua ya shule iko wapi. Ndiyo sababu mpaka leo nikinusa asumini, kabla sijamkumbuka shangazi, nahisi kwanza kwamba kuna kitu nimesahau kufanya.

Na kwa kweli sikuwa na kitu cha kufanya. Nilikuwa karani wa hesabu katika hoteli moja ya pwani hii. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasije Mombasa bila ya dharura, na onyo lenyewe lilichorwa kwa ramani: kuanzia mkondo wa Mtwapa kaskazini hadi Tiwi kusini. Sisi wa Shanzu tuko upande wa huku wa mkondo. Kwa hiyo ukivuka daraja ukanunua mahamri Mtwapa, ulikuwa salama. Ukirudi nyumbani kuyala, uko hatarini. Wageni walisombwa kwa ndege. Onyo liliondolewa mwaka 2015, lakini hoteli yetu ilikuwa imeshafunga milango, na mimi nimeshakabidhi kikokotoo.

Tulioachishwa kazi hatukuwa wanadamu peke yetu. Tumbili wa Shanzu walikuwa wamezoea kifungua kinywa cha hoteli, mkate wa sukari na ndizi zilizomenywa. Milango ilipofungwa walitawanyika mitaani kutafuta riziki, na nilipoanza kupanda maua wakaja kwangu. Mmoja mwenye mkia uliokatika nilimtambua mara moja. Tulifanya naye kazi miaka mingi, yeye upande wa chakula, mimi upande wa hesabu. Akakaa juu ya ukuta akachuma matumba ya asumini moja moja, anayanusa, anayala, huku ananitazama machoni kama mwenzangu wa zamani anayejua mshahara wangu ulikuwa kiasi gani.

Kabla ya tumbili alikuwa beberu. Sitamwelezea sana, kwa sababu kila mtu wa huku anamjua beberu wa jirani yake. Huyu alikula vipandikizi vyangu vyote vya kwanza mpaka usawa wa mchanga, na jioni mwenye beberu akaja kunilalamikia kwamba majani yangu yamemwendesha tumbo.

Watu wengi husema kupanda maua hutuliza majonzi. Wanaosema hivyo hawajawahi kununua maji Shanzu. Maji yetu ya bomba hutoka Baricho, kandokando ya mto Sabaki. Ni mto ule ule aliotoka kiboko mdogo Owen, aliyesombwa na mafuriko mpaka baharini, akaokolewa kwenye miamba baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller Park hapa Bamburi, alikofanya urafiki na kobe Mzee dunia nzima ikasikia. Kiboko alifika. Maji ya bomba nayasubiri. Wakati huo namlipa kijana wa mkokoteni, ambaye alipogundua kwamba mitungi yangu ni ya maua wala si ya kunywa, aliniongezea bei kwa msingi kwamba mimi ni tajiri.

Haller Park ndiyo iliyonipa moyo, na ndiyo iliyokaribia kuvunja nyumba yangu. Pale palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, yaliyochimbuliwa mpaka ukabaki mwamba mtupu wenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda miti pale ambapo hata nyasi zilikataa. Alijaribu aina 26. Zikapona 3: mnazi, mti mmoja wenye asili ya Somalia, na mvinje. Mvinje ukakua kwa haraka, ila majani yake yaliyoanguka hayakuoza. Yalijaa chini, makavu, hayageuki udongo. Mpaka alipomwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyala. Wakaletwa majongoo kwa mamia, wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa rutuba ya msitu mzima.

Habari hii niliwasimulia wanangu kwa nia njema. Ufukweni kwetu mivinje imejaa, na chini yake majongoo hawana idadi baada ya mvua. Kesho yake walirudi na ndoo iliyofunikwa, imejaa wafanyakazi. Tukakubaliana wapewe majani makavu na waanze kazi. Usiku mdogo wao alitaka kuona wanavyokunya udongo, akafunua kifuniko, akasinzia akisubiri.

Jongoo hana haraka, lakini ana nia. Asubuhi walikuwa jikoni, wamejikunja ndani ya viatu, mmoja katikati ya kitabu cha dini, mmoja juu ya chandarua akitembea kuelekea alipolala mke wangu. Sitaandika aliyoyasema mke wangu. Nitaandika alichoamuru: elimu ya mazingira iishie mlangoni. Udongo sasa naununua kwa wauza miche wa barabara ya Malindi, gunia kwa gunia, na kila gunia nalikagua kabla halijaingia uani.

Mwasumini ukashika. Masika ya mwaka uliofuata ulikuwa umepanda wigo, na hapo ndipo nilipojua nimeajiriwa upya. Asumini ina saa zake na haimsubiri mtu. Asubuhi tumba ni dogo na la kijani kwenye kikonyo. Mchana linanenepa na kuwa jeupe. Baada ya adhana ya alasiri liko tayari, limefumba, na lazima lichumwe kabla ya magharibi. Ukichelewa linachanua juu ya mti na kuwanukishia popo. Asubuhi ya pili limeshapiga wekundu, halifai. Zamu hiyo haina Jumapili wala sikukuu. Nimeshaondoka katikati ya mkutano wa wazazi shuleni, nimeshaacha chai mezani kwa wakwe. Shangazi amelala Kisauni chini ya mrehani tuliompandia, lakini saa kumi jioni bado ananifokea, na bado natii.

Hapo mtu atauliza, kwa nini usilime waridi kama wenzako wa Naivasha? Waridi la Naivasha ni msafiri: linakatwa, linalazwa kwenye baridi, linapanda ndege Nairobi, na siku chache baadaye linapigwa mnada Aalsmeer, Uholanzi, likiwa halijui limetoka wapi. Asumini yangu haifiki Kongowea ikiwa na afya. Ufilipino wameifanya ua la taifa tangu 1934. Sisi tunaibandika kifuani na kwenye nywele, na nadhani sisi ndio tulioielewa zaidi.

Kutunga vikuba nilianza kwa sababu maua yalizidi. Mke wangu alitosheka, majirani walitosheka, na friji ilikuwa imeshachoka: maziwa, mtindi na changu wa jana vyote vilinukia bibi harusi. Nikakaa barazani na sindano. Sindano hupita kwenye shingo ya ua, chini ya tumba, haipiti kichwani. Ukichoma kichwa, doa la kahawia linatokea kabla hujamaliza kufunga fundo. Uzi uwe wa pamba, uloweshwe kidogo. Tumba kwa tumba mpaka yamebanana, kisha jani la mrehani, kipande cha mkadi, na waridi moja jekundu katikati likipatikana. Unalifunga furushi zima kwa jani la mgomba, kamwe si kwa karatasi ya nailoni, linavunda.

Wazee wa kahawa walipopita walisimama. Mwanamume mzima, karani, na sindano mkononi, miguuni amezungukwa na maua! Mmoja akaniuliza mahari yangu imefikia kiasi gani. Mwingine akasema nisijali, mchumba ataonekana tu. Wiki ile ile huyo wa pili alirudi giza limeingia, akanong'ona kama mnunuzi wa bangi, anataka kikuba kimoja, cha mkewe, wamegombana. Nikamfungia. Sasa huja kila wanapogombana, na kwa jinsi anavyokuja najua ndoa ile ina uhai.

Hotelini niliandika vitabu vya hesabu ambavyo sheria inataka vitunzwe kwa miaka, na katika miaka yote hiyo sikumwona mtu hata mmoja aliyevifungua akatabasamu. Kikuba kinakufa alfajiri, na bado bibi harusi akikipokea hufumba macho kwanza. Pesa zake ni chache, niseme ukweli. Msimu wa harusi tunakula samaki. Mwezi wa Ramadhani, harusi zikikatika, tunakula ahadi. Lakini sijawahi tena kutazama saa nikingoja iishe.

Basi nikawa natembea kifua mbele, nikimwambia kila mteja kwamba ufundi huu ni wa marehemu shangazi, nimeuchukua mkononi mwake. Mpaka alipokuja bibi mmoja wa Kisauni, mkongojo mkono mmoja, kikapu mkono wa pili. Nikampa shikamoo, akaitika bila kunitazama. Akachukua kikuba, akakigeuza, akakivuta uzi.

"Nani kakufundisha?"

"Shangazi yangu, bi mkubwa." Nikamtaja.

Akacheka mpaka akashika nguzo. "Yule? Yule hata uzi kuutia kwenye sindano alikuwa hajui! Asumini zake, mkono wangu. Kila jioni analeta matumba, mimi natunga, yeye anakwenda kujishaua mjini. Na ujira wa mkono mpaka anakufa hajanipa."

Kwetu deni la marehemu si mzaha. Siku ya maziko tulisimama mbele ya watu tukatangaza, kama ilivyo ada, kwamba anayemdai ajitokeze kwa jamaa zake. Akawa amejitokeza. Niliwapigia simu ndugu zangu, mwenye redio na wenye masanduku. Wote walijibu jibu moja, kwamba deni la maua linamfuata mwenye maua.

Kama mtu wa hesabu nikamwomba bibi daftari. Akagonga kipaji chake kwa kidole. "Limo humu. Humu hamna panya." Akaanza kusoma: Idi hii na Idi ile, harusi ya fulani, maulidi ya mwaka wa mafuriko, safari ya Lamu alipotaka vikuba vya siku nzima. Nilijaribu kuandika nikaacha.

Tumeafikiana alipwe kwa vikuba. Kila Alhamisi anakuja, anakaa kiti changu, ananionyesha nilipolegeza na nilipobana mno, kisha anachagua kilicho bora kuliko vyote na kukitia kikapuni. Juzi nilimwuliza tumebakisha kiasi gani. Akasema deni lilikuwa limeanza kupungua vizuri, ila kile cha wiki iliyopita kilifunguka kabla ya isha, kwa hiyo amekifuta.