Jinsi ya Kutengeneza Fowili Kuukuu Bila Kumsomeshea Fundi Watoto

Kwanza kabisa, weka spana chini. Matengenezo ya gari linalovutwa na magurudumu yote manne huanza na futi ya fundi cherehani, ile laini yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Iazime kwa shangazi, umwahidi utairudisha ikiwa safi, kisha inama kwenye tairi.

Mwongozo huu ninamwandikia hasa mwenye Subaru Forester, Legacy au Impreza iliyotoka Japani kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na 2010 hivi, yenye giaboksi ya otomatiki ya gia 4. Wewe wa RAV4 na X-Trail usiondoke, maana habari ya tairi inakuhusu vilevile.

Zima injini, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa mawe, inua gurudumu moja moja na uzungushie futi katikati ya tairi. Andika namba. Subaru inataka tofauti ya mzingo kati ya tairi zote nne isizidi milimita 6 hivi. Ukikuta zako zinatofautiana kwa sentimita 2, umeshakutana na ugonjwa wa gari lako kabla hujachafua mikono.

Chukua mwenye gari wa kawaida kabisa. Tairi za mbele zimeisha, mfuko umekaza, ananunua mbili mpya na kuziacha za nyuma zimalizie siku zao. Mpya zina kina cha milimita 8, za nyuma zimebaki na 5. Milimita 3 hizo ukizipeleka kwenye mzingo zinakuwa karibu 19. Sasa mtu huyo anakwenda Mombasa kutoka Nairobi, kilomita 480 hivi. Mpaka afike, magurudumu ya nyuma yatakuwa yamezungushwa kana kwamba yametembea zaidi ya kilomita 4 kuliko ya mbele. Tofauti hiyo lazima imezwe na kitu, na kinachoimeza ni klachi iliyo nyuma ya giaboksi, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Inasuguana tangu Mlolongo mpaka Mariakani. Bei ya tairi mbili ulizookoa utailipa kwenye giaboksi, tena na riba.

Kwa hiyo nunua nne kwa mpigo, za kampuni moja na mchoro mmoja, kwa sababu saizi ileile iliyoandikwa ubavuni hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Zibadilishane nafasi kila kilomita 10,000 ili zilike pamoja. Upepo nao uwe kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Tairi zikiwa sawa na bado una wasiwasi, tafuta uwanja mkubwa wa lami kavu. Maegesho ya kanisa siku ya Jumanne yanafaa sana. Gari likiwa limepata moto, kata usukani mpaka mwisho, ondoa mguu kwenye breki na uliache litambae lenyewe likizunguka. Fowili yenye afya inatambaa kimya. Fowili mgonjwa inashikashika, inaruka kidogo kidogo, unahisi kama kuna mtu amevuta breki nyuma bila kukuambia. Jaribio hili usilifanyie kwenye murram. Kokoto zinaruhusu tairi kuteleza na ugonjwa unajificha, ndiyo maana magari mengi ya shamba hugundulika yameharibika siku yanapoletwa mjini.

Ikiwa limeshika, fungua boneti na utafute kisanduku cha fyuzi au kijisoketi kitupu kilichoandikwa FWD. Wengi wamemiliki gari hili miaka nenda miaka rudi bila kukiona. Gari likiwa limezimwa, chomeka humo fyuzi ya ampia 15, kisha uliwashe. Kwenye dashibodi itawaka taa ya FWD, maana yake kompyuta ya giaboksi imeamrishwa kuyaachia magurudumu ya nyuma. Rudi uwanjani, zunguka tena. Ukiona gari sasa linatambaa vizuri, klachi bado inaachia, na mashaka yako yarudi kwenye tairi, kwenye haidroliki ya giaboksi iliyochoka au kwenye umeme. Likiendelea kushika hivyohivyo, basi solenoidi inayoiongoza klachi imekufa au klachi yenyewe imekwama. Hapo umepata jibu ambalo gereji nyingine zingekutoza pesa ya kushusha giaboksi nzima ndipo zikuambie. Toa fyuzi ukimaliza. Ahadi hii ya fyuzi haihusu magari ya manyo, na baadhi ya yale ya turbo hayana kijisoketi hicho.

Kuna ishara nyingine inayopuuzwa. Unapowasha gari, tazama taa ya joto la haidroliki, iliyoandikwa AT OIL TEMP. Ikiwaka kidogo na kuzima, salama. Ikipepesa mara 16 mfululizo, kompyuta ya giaboksi imeweka kosa kwenye kumbukumbu, hata kama gari linakwenda vizuri. Usimruhusu mtu yeyote akuambie kwamba Subaru zote hufanya hivyo.

Sasa chukua spana, lakini taratibu. Chini ya gari hili kuna oili za aina tatu, na makosa makubwa kuliko yote ya kujitengenezea gari hutokea hapa. Kuna oili ya injini, kuna haidroliki ya giaboksi, na kuna mafuta mazito ya gia kwa ajili ya difu ya mbele, ambayo kwenye otomatiki hizi yana chumba chake peke yake na kijiti chake peke yake cha kupimia. Difu ya nyuma nayo ina yake. Kwenye nyingi kati ya otomatiki hizi, nati ya kumwagia oili ya injini na ya kumwagia haidroliki hufunguliwa kwa spana namba 17 ileile, na mtu aliyelala chali na tochi mdomoni huziona kama mapacha.

Mkasa wenyewe huenda hivi. Mtu anamwaga haidroliki akidhani ni oili ya injini. Kisha anasimama, anaongeza lita 4 za oili mpya kwenye injini ambayo haijapungua hata tone. Injini inajaa mara mbili, giaboksi imekaukiwa, na gari linakataa kuondoka.

Kinga yake ni nyepesi. Legeza nati kidogo tu, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na ulitazame kwa mwanga wa jua. Oili ya injini iliyotumika ni ya kahawia iliyoiva au nyeusi. Haidroliki ni nyekundu, na hata ikizeeka hubaki na wekundu wa chai ya rangi. Mafuta ya gia ni mazito na yana harufu ya kiberiti ambayo ukiinusa mara moja utaijua maisha yako yote. Tone likiwa si lile ulilolitafuta, kaza nati, sogea. Na unapobadilisha haidroliki, jua kwamba giaboksi hii inabeba lita 9 hivi lakini nati ikifunguliwa hutoka kama lita 4 tu. Nyingine zinabaki ndani. Mwaga, jaza, endesha kidogo, urudie tena na tena mpaka kinachotoka kifanane na kinachoingia.

Kuhusu joto la injini nitasema kwa ukali, kwa sababu injini nyingi huuawa na maji ya bomba. Nairobi iko juu sana hivi kwamba maji katika sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Rejeta huokolewa na vitu viwili: kulanti, na kifuniko chenye springi kinachoshikilia mgandamizo ili maji yasichemke mapema. Ukitia maji matupu na ukaacha kifuniko kilicholegea, injini itachemka kwenye mlima wa Limuru na utaambiwa gasketi imekufa. Badilisha kifuniko kwanza. Ni kitu kidogo, cha bei ndogo.

Gasketi ya silinda hedi inayovuja kweli ina dalili zake. Injini ikiwa na moto na inanguruma, angalia ile chupa ya akiba ya maji bila kugusa kifuniko cha rejeta. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma, na harufu ya moshi ndani ya chupa, ni hewa ya kwenye silinda inayopita kusikostahili. Injini ya EJ25 ya lita 2.5 isiyo na turbo inajulikana sana kwa ugonjwa huu kuliko ndugu yake EJ20 ya lita 2. Ukiziona dalili hizo, kazi yako imeisha. Kufungua hedi za injini iliyolala ubavu kushoto na kulia si kazi ya uani.

Taimingi belti nayo usiingoje ikupe dalili, kwa sababu haina. Kwenye injini nyingi za EJ, ikikatika valvu hukutana na pistoni. Inabadilishwa kila kilomita 100,000. Tafuta kibandiko kwenye chumba cha injini, kwa kawaida kwenye kava la belti au karibu na boneti, ambacho gereji za Japani hubandika siku ya kuibadilisha. Huhitaji kusoma Kijapani, tarakimu zinatosha. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu ya Heisei, jumlisha 1988: Heisei 20 ni 2008. Na hapa ndipo kibandiko kinapokuwa rafiki mkubwa kuliko muuzaji. Kikisema belti ilibadilishwa gari likiwa na kilomita 142,000, na dashibodi inaonyesha 89,000, mileji imerudishwa nyuma. Usinunue. Forester zisizo na turbo zilizotoka kiwandani kuanzia mwisho wa 2010 zina injini za FB zenye mnyororo, kwa hiyo sura hii haizihusu.

Mlio wa ka-ka-ka ukikata kona kali ni CV jointi ya nje. Harufu ya grisi inayoungua ukisimama kwenye taa za barabarani mara nyingi ni raba ya CV ya ndani iliyopasuka karibu na bomba la moshi. Raba ikibadilishwa mapema, jointi inapona.

Kuna mambo mawili ambayo nakusihi usiyafanyie mzaha. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake; tumia stendi za chuma, na usiwashe injini na kutia gia magurudumu mawili yakiwa hewani na mawili yakiwa chini, kwa sababu yale ya chini nayo yanavuta na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Pili, likikuharibikia njiani, likatae lori la kukokota linaloinua magurudumu ya mbele tu. Dai lenye sakafu, linalobeba gari zima. Kulikokota fowili kwa magurudumu mawili ni kuimaliza ile klachi tuliyoihangaikia tangu mwanzo.

Najua mapenzi ya gari hili yanatoka wapi. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda tena na Subaru mwaka 2000, na tangu hapo watu wengi wanaamini kwamba haliwezi kuvunjika. Lakini magari yale yalikuwa na mafundi waliokuwa wakiyasubiri njiani na spea mpya mkononi. Lako linakusubiri wewe. Lenye umri wa zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi tena kuingizwa Kenya, kwa hiyo haya tuliyonayo ya zamani ndiyo haya, na yanastahili kutunzwa na watu wanaoyaelewa.

Nunua daftari la kurasa 48. Andika mzingo wa kila tairi, tarehe na kilomita za kila oili, siku ya belti, siku ya kifuniko cha rejeta. Mpe fundi alisome kabla hajafungua boneti, na siku utakapoliuza gari, mkabidhi mnunuzi daftari hilo pamoja na funguo.